Nimepewa ukuta karibu na City Park nichore magonjwa ya wanyama, nichore mnyama gani?

RangiNgara
Niaje wasee. Mimi huchora grafiti, sana sana mathree na vibanda vya vinyozi. Sasa kuna wakazi wa huku Parklands, Nairobi, wamenipa ukuta, mrefu tu, kando ya njia watu wanapitia wakienda City Park, wanataka mchoro wa kuonya watu juu ya magonjwa ya wanyama pori. Skechi wanayotaka ni kima macho mekundu meno nje, juu yake popo wametanda, na fuvu katikati. Kazi kama hiyo naifanya hata nikiwa na usingizi, lakini kuna kitu inanikwaza. Hao kima wako hapo kila siku, wazee wanawapea njugu, watoto wanapigwa picha nao, na nikipima ukuta nikaona mmoja amekaa juu anamenya ndizi, ganda likaanguka kwa njia na katoto kakaliokota kakataka kulamba. Nikiweka jini hapo si watu wataanza kuwarushia mawe? Na ukweli ni upi, kima anaambukiza nini hasa? Daktari ama msanii yeyote anisaidie kabla ninunue rangi maana makopo hayarudishwi dukani.

MamaWatatu
Kijana yangu weka macho mekundu na uongeze pembe. Wewe unawaona tu kwa ukuta, mimi wanaingia mpaka jikoni. Wamebeba mkate mzima na pakiti ya sukari wakaenda kukaa juu ya tangi la maji wakila wakiniangalia, na hilo tangi ndio tunakunywa. Mwenye anawahurumia akuje anioshee tangi.

VetWaMifugo
Mama pole, funika tangi na mfuniko mzito, hiyo si mzaha.

RangiNgara, wacha nianze na kile kinaua watu. Kichaa cha mbwa, karibu asilimia 99 ya watu wanaokipata wameumwa na mbwa. Si popo, si kima, ni mbwa, yule wa kuzurura na pia yule wako wa gate ambaye hajawahi dungwa chanjo. Virusi viko kwa mate, vinaingilia kidonda, vinapanda na mishipa ya fahamu pole pole hadi kwa ubongo, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ila kabla zianze kuna nafasi, mara nyingi wiki kadhaa, na hapo ndio mtu huokolewa: unaosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo uanze sindano, na uzimalize zote hata kama kidonda kimefunga. Watu hupaka pilipili, mafuta taa, majivu, wengine wanangoja kuona kama mbwa atakufa. Kima akikuuma au akukwaruze fanya hivyo hivyo, kwa sababu mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kukipata na hujui alipigana na mbwa gani jana. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Ile herpes ya nyani inayozungushwa WhatsApp, kirusi kinaitwa herpes B, ni ya makaki, nyani wa Asia. Kima wetu si wabebaji wake wa asili. Kitu watu hawafikirii ni kwamba sisi pia tunawaambukiza, kifua kikuu, surua, mafua ya kawaida, mtoto ameuma mandazi nusu akampea kima hiyo nusu ingine.

Popo nao usiwadharau lakini uwaweke mahali pao. Wagonjwa wawili wa Marburg, ile homa kali ya kutoka damu inayofanana na Ebola, 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum kule Mlima Elgon, na baadaye popo wa matunda wanaolala mapangoni ndio walipatikana wakibeba hicho kirusi. Popo akikupitia juu jioni hajakufanyia kitu. Shida ni kuingia penye wamelala, kushika kinyesi ama kula tunda lenye limetafunwa.

Na hiyo ya mawe umeiwaza vizuri. Brazil 2022 wakati wa mpox, ule ugonjwa uliokuwa unaitwa ndui ya nyani, watu walishambulia na kutilia nyani sumu, na ugonjwa wakati huo ulikuwa unatembea mtu kwa mtu.

Eastlando_Graff
Buda, swali lako wasanii wa hii Nairobi washalipitia. 2012 ule ukuta wa Muindi Mbingu, karibu na City Market, akina Bankslave, Swift9, Uhuru B na Smokillah pamoja na mwanaharakati Boniface Mwangi walichora mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, kila mtu akaelewa saa hiyo hiyo, hakuna maneno ulihitaji kuambiwa. Mchoro mkali ukikaa kwa njia ya watu unaingia kichwani kuliko mabango yote ya wizara, na ndio maana lazima uchunge unatia nini. Mavulture walilenga watu wenye nguvu. Wewe unataka kulengea nani, kima?

Mimi ningechora mkono. Mkono mkubwa wa mtu unanyoosha mkate, mkono mdogo wa kima unapokea, katikati hapo ndio uweke rangi yako kali. Na uiweke chini, urefu wa mtoto, hao ndio wanawalisha. Usimalize doo na spray, background piga emulsion na rola, spray ni ya kivuli na mistari ya mwisho.

VetWaMifugo
Hapo kwa tumbusi mmemuonea lakini hahaha. Tumbo lake lina asidi kali sana, anakula mzoga ambao ungekuua wewe na mbwa wako. India walipoteza karibu wote kuanzia miaka ya 90 kwa sababu ya dawa ya ng'ombe inaitwa diklofenaki, mizoga ikabaki, mbwa wa kuzurura wakaongezeka na wasiwasi wa kichaa ukaja nao. Hapa Kenya watu wanawaua na sumu wanayowekea simba kwa mzoga.

Eastlando_Graff
Sasa umeniharibia mchoro nilikuwa naupenda miaka yote hii 😂

RangiNgara
Shukrani nyinyi wote, daktari zaidi. Nimeamua hivi. Mikono miwili na mkate kama vile umesema, upande wa kushoto mbwa wa kawaida tu, ule wa mtaani masikio chini, bila macho mekundu, na kutoka kwake mpaka kwa mfereji wenye maji yanatoka nachora sabuni na saa yenye dakika 15. Popo nawaweka juu kabisa kwa giza wakienda zao. Fuvu halipo. Shida ni wenyewe wa ukuta, leo wamesema bila fuvu haiogopeshi na wanataka angalau damu kidogo.

MamaWatatu
Waambie damu iko, ya mkono wangu nikinyang'anywa mkate. Hiyo ya sabuni nimeipenda lakini, sikuwa najua ni dakika 15, sisi tulikuwa tunapaka chumvi. Uandike kwa herufi kubwa pale karibu na mfereji.

Eastlando_Graff
Damu kataa. Na kabla uweke hata laini moja, kanjo, watu wa serikali ya jiji, wameandikiwa? Ukuta ukiangalia barabara usianze na maneno ya mdomo ya wakazi, chukua barua iko na sahihi, utembee nayo kwa begi pamoja na makopo.