Mdogo wangu anasomea usanifu majengo: nimtembeze wapi Mombasa kwa siku mbili?

Binti_Likoni:
Assalam aleikum wanajamvi. Mdogo wangu anasomea usanifu majengo Nairobi, anashuka Ijumaa. Mara ya mwisho tulilipia mtembeza wageni, akatukimbiza Ngome ya Yesu kwa dakika arobaini kisha akatuacha kwenye duka la vinyago. Mtoto akarudi na picha za mizinga tu, na iliniuma. Safari hii nataka nimtembeze mwenyewe. Mji wa Kale napita kila wiki kwenda kwa shangazi yangu, lakini kupita si kujua. Nianzie wapi? Ana daftari lake la kuchorea, haliachi.

Mwenyeji_Kibokoni:
Waaleikum salaam dada. Ngome iwekeni baadaye. Jumamosi saa moja asubuhi muwe Ndia Kuu, kabla maduka hayajatandaza kanga na mikoba ikaficha milango. Mwambie asiitazame milango kwa jumla. Asimame mbele ya mmoja auchore mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili. Hapo fundi hakubana mkono, ua juu ya ua mpaka chini. Kisha ainue macho aone roshani za mbao, athari ya wafanyabiashara wa Kihindi.

Lakini kubwa kuliko yote ni dari. Ombeni nyumba moja ya kale mwingie. Mtaona vyumba virefu, vyembamba, na sababu ni boriti za mkoko: hazivuki zaidi ya kama mita tatu, basi na chumba kinaishia hapo. Mti wa baharini ndio uliopima nyumba zetu! Kuta nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa. Palipobanduka plasta aweke kiganja, atahisi vile vitundu vya matumbawe.

Mzee_Makadara:
Nakubaliana na Kibokoni, ila Ngome msiiruke. Ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa na Wareno 1593 hadi 1596, na mwanafunzi wa majengo anafaa kuona zile kona zilivyopangwa ili kila ukuta ulindwe na mwenzake. Kisha ulizeni michoro ya mabaharia Wareno: meli, samaki na watu, waliyoichora ukutani wenyewe. Mimi hukaa hapo kuliko kwenye mizinga. Na mkumbuke kwamba tangu 1895 hadi 1958 pale palikuwa gereza. Wazee wetu hawakuwa wakilipa kiingilio.

Mkitoka, piteni Msikiti wa Mandhry, wa 1570. Mnara wake ni mnene chini, umechongoka juu, haufanani na ya siku hizi. Wakati wa swala msisimame mlangoni na kamera.

Dada_Tudor:
Mbona mwaishia Mji wa Kale? Sanaa ya barabarani nayo ni historia. Zile pembe kubwa za ndovu juu ya Moi Avenue ni za alumini, ziliwekwa kwa ziara za ufalme wa Kiingereza miaka ya 1950. Kisha nendeni Jomo Kenyatta Avenue kwenye sanamu ya askari Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, muyasome yote. Hekalu la marumaru la Wajaini, watu wa dini moja ya Kihindi, pia, barabara ya Langoni. Vitu vya ngozi viacheni nje.

Binti_Likoni:
Allah awabariki. Nimeandika yote. Shida ni hiyo nyumba ya kuingia. Nitabisha hodi kwa nani mimi?

Mwenyeji_Kibokoni:
Huyo shangazi unayemwendea kila wiki, nyumba yake ni ya lini?

Binti_Likoni:
Subhanallah. Ni ya babu yake mumewe, iko Kuze, humo humo Mji wa Kale. Nimempigia sasa hivi, akainua macho akazihesabu boriti: kumi na tisa ukumbini, moja imeliwa na mchwa. Amesema mtoto aje na futi kamba, na chakula cha mchana tule kwake.