Mashabiki wa GS mmezidi! Mtu akiuliza pikipiki ya safari mnamjibu kwa matangazo

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Leo nina povu.

Kila anayeuliza pikipiki gani inafaa kwa safari ndefu anajibiwa herufi mbili: GS, yale mapikipiki makubwa ya safari ya BMW. Haulizwi ana urefu gani, atambeba nani, atapita barabara gani, mfukoni ana nini, wala fundi wake yuko wapi. GS tu. Akisema hela haitoshi anaambiwa ajichange kwanza. Akitaja V-Strom ya Suzuki anachekwa. Akitaja cc 250 anaambiwa hiyo ni ya kumtuma dogo dukani.

Juzi kuna kijana kwenye kundi letu kaomba ushauri, anataka kutoka Dar hadi Mbeya, avuke Kasumulu aingie Malawi. Kimo chake kifupi, mwili mwembamba, na bado hajakomaa kwenye usukani. Watu wazima na mvi zao wakamsukumia GS Adventure, mashine ambayo kwenye toleo la 1250 ikijazwa mafuta inapita kilo 260 kabla hujafunga hata begi moja. Nikauliza, ikilala kwenye kokoto ataiinua na nani? Nikaambiwa nina wivu.

Haya, nina wivu. Naomba niuweke hapa na tarehe zake.

Nianze na haki yake, msije mkanibandikia maneno. R 80 G/S ya 1980, GS ya kwanza kabisa, ilikuwa kazi ya akili. Cc 798, silinda mbili zimelala kushoto na kulia, shafti badala ya cheni, mkono mmoja tu umeshika tairi la nyuma, na uzito wote chini ya kilo 200. Kipindi hicho Wajapani walikuwa wanawatoa jasho BMW kwenye pikipiki, na mashine hii ikawapa pumzi. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi unaanzia Dakar, yale mashindano ya mbio ndefu za jangwani. Hubert Auriol alishinda 1981 na 1983 akiwa na BMW, Gaston Rahier akashinda 1984 na 1985. Kila shabiki ana hiyo orodha kichwani. Asichowaambia ni kwamba zile zilikuwa mashine za mashindano, zenye matangi makubwa na vyuma vilivyoimarishwa, na nyuma yake kulikuwa na mafundi na spea. Na waliokaa juu yake hawakuwa watu wa kawaida. Rahier alikuwa Mbelgiji mfupi ambaye miguu haikufika chini vizuri kwenye lile dude, lakini alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi cc 125 mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977. Mpe yule mtu baiskeli angekufikisha. Kampuni ikafanya nini? Ikauza toleo la Paris-Dakar lenye tangi la lita 32 na saini ya Rahier juu yake. Ukinunua unapata saini. Mikono yake ya kuendeshea haimo kwenye boksi.

Tangu 1985 injini hiyo ya silinda mbili zilizolala haijashinda tena Dakar. Haijashinda! Richard Sainct alipoirudishia BMW ushindi 1999 na 2000 alikuwa juu ya F 650 ya silinda moja, mashine ya ukoo mwingine kabisa. Kisha KTM, kampuni ya pikipiki ya Austria, wakachukua kila shindano lililofanyika kuanzia 2001 mpaka 2019. Lakini nenda leo kamuulize mtu mwenye R 1250 kwa nini kainunua, hafiki sentensi ya tatu kabla ya kutaja Dakar. Mbio za miaka arobaini iliyopita zinauza pikipiki yenye skrini ya rangi na vishikio vya kupasha mikono joto.

Tuje 2004, maana hapo ndipo ugonjwa ulipokolea. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman wanazunguka kutoka London hadi New York kwa pikipiki, televisheni nyuma yao. Chaguo lao la kwanza lilikuwa KTM. KTM wakakataa kuwapa. BMW wakakubali. Wakuu, someni hapo mara mbili. Imani yote hii mnayotutishia nayo ilisimama juu ya ndiyo au hapana ya ofisi moja. Mhusika mmoja wa KTM angeamka vizuri siku ile, leo mngekuwa mnatuambia bila rangi ya chungwa ya KTM hujasafiri.

Na kwenye safari hiyohiyo, kule Mongolia, pikipiki ya mpiga picha wao Claudio von Planta ilishindwa kuendelea. Walifanyaje? Wakamnunulia Izh Planeta ya Kirusi, silinda moja, injini ya kuchanganya oili na petroli, bei ya kutupa, akaendelea na safari. Ilikuwa inaharibika, na wenyeji walikuwa wanaitengeneza palepale barabarani kwa zana walizonazo. Hicho kipande kimo kwenye kipindi, wote mlikiona. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyetoka hapo akisema Izh ndiyo pikipiki ya safari?

Kuna jambo jingine mashabiki hawalitaji kabisa. Zile za kwenye televisheni zilikuwa R 1150 GS Adventure. Mwaka uleule BMW wakatoa R 1200 GS, na waliopandwa na mzuka wa kipindi wakaingia dukani wakakuta 1200. Injini mpya, nyepesi kwa kama kilo 30, gia ya nyuma mpya, yaani ile inayopeleka nguvu ya shafti kwenye tairi. Mashine nyingine hiyo! Lakini sifa ya 1150 ilivuka kaunta bila kuulizwa hata kitambulisho. Kufikia 2007 walishatengeneza R 1200 GS ya laki moja.

Na hiyo gia ya nyuma ndiyo inayonichemsha zaidi, kwa sababu hapo kosa lilihama kutoka kiwandani likaja kwa waendeshaji wenyewe. Mwanzoni 1200 ilitolewa na maelezo kwamba oili ya gia ya nyuma haihitaji kubadilishwa maisha yake yote. Beringi zikaanza kufa. Watu wakakwama mbali na kwao, tairi la nyuma linacheza, oili inavuja kwenye rimu. Baadaye ratiba ya kubadilisha oili ikaingizwa kwenye sevisi. Mtu mzima akisoma hapo anajua kilichotokea.

Sasa tazameni jinsi wenye pikipiki walivyowapokea wenzao waliokwama. Umezidisha mzigo. Umeosha na mashine ya presha. Umepita kwenye maji. Sevisi ulifanya wapi? Mimi yangu ina kilomita kibao haijawahi kunisumbua. Hilo la mwisho ndilo linaloniua, maana mwenye beringi nzima anadhani uzima wake ni ushahidi dhidi ya mwenye beringi iliyokufa. Na usifikiri ni ujinga mtupu, kuna hesabu ndani yake. Mtu aliyelipa hela ya kiwanja kununua pikipiki hataki isemwe hadharani kwamba ina tatizo, kwa sababu siku atakapotaka kuiuza mnunuzi atakuwa kashasoma. Kwa hiyo anamnyamazisha mwenzake. Kampuni haihitaji hata kumlipa.

Mwaka 2015 BMW wenyewe wakaziita kwa matengenezo pikipiki za familia hiyo za kuanzia 2005, safari hii ni flanji inayoshika tairi la nyuma, inaweza kupasuka. Mwaka 2017 zikaitwa R 1200 GS za toleo lililofuata kwa ajili ya mabomba ya foku za mbele. Kampuni iliandika barua, ikatoa sehemu mpya, ikakiri. Mashabiki bado hawajakiri. Kiwanda kina adabu kuliko mashabiki wake, hebu fikirieni hiyo.

Sasa iweke pembeni Suzuki V-Strom 650. Imetoka 2004, mwaka uleule wa kipindi. Injini imetoka kwenye SV650, inajulikana, imetulia. Haina Dakar, haina mcheza filamu, sura yake ni mama yake tu anayeipenda. Watu wameizungusha dunia na mtu asiandike hata mstari. Ukiuliza tatizo lake kubwa wenye nayo wanakuambia wazi: ipo chini, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inagonga mawe, shokapu laini, kioo kinavuma. Wanakupa na dawa yake. Hawana cha kulinda, ndiyo maana wanasema kweli. Mimi nikitaka kujua ubora wa pikipiki siku hizi naangalia kwanza kama wenye nayo wanaruhusiwa kuilalamikia.

Na msinitolee Honda Africa Twin kama mnaniokoa, ni walewale. Jina la bara zima limebandikwa kwenye tangi tangu 1988, na waliolengwa wauziwe wako Ulaya. Kwao Afrika ni vumbi la nyuma ya picha. 2007 wale mabwana wawili wa televisheni walirudi tena, Scotland hadi Cape Town, wakapita Moyale wakashuka Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania hadi Malawi, na magari ya msaada yapo. Ile barabara ya Moyale hadi Isiolo kabla ya lami ilikuwa inakula shokapu za mapikipiki makubwa ya watalii, na kila aliyepita alirudi kwao na hadithi. Nani hutokea kwenye kona ya hizo picha akipita na ndoo, mbuzi na abiria wawili? Boxer. Cc 150. Hana suti ya kinga. Spea zake zipo Kariakoo na zipo kijijini, na fundi wake yuko chini ya mwembe.

Simaanishi huyo kijana aende Malawi na Boxer. Namaanisha swali la spea na fundi lilipaswa kuwa la kwanza na hakuna hata mmoja aliyeliuliza. Pikipiki yenye kompyuta ikikuwashia taa nyekundu Tunduma saa mbili usiku, saini ya Rahier itakusaidia nini? Utapakia kwenye fuso urudi nayo Dar, na kwenye kundi utaandika "safari ilikuwa nzuri sana, Mungu mkubwa", na picha ya machweo. Tunawajua.

R 1300 GS ya 2023 wameishusha hadi kilo 237. Wamefanya vizuri, na maana yake hata wao wameona uzito ulizidi. Ila nyie mlikuwa mnatuambia uzito ule unaleta utulivu barabarani! Sasa wameupunguza, mnatuambia wepesi ndiyo maendeleo. Kesho wakiurudisha mtatuambia nini?

Kwa hiyo kabla ya mtu kuja hapa kunitukana, nataka aweke yafuatayo. Pikipiki yako gani na ya mwaka gani. Umeendesha kilomita ngapi, na ngapi kati ya hizo nje ya lami, za kweli, siyo ile ya kwenda Bagamoyo kula samaki. Kitu gani kiliharibika, kilikuharibikia wapi, nani alikitengeneza, spea ilitoka nchi gani na ulikaa siku ngapi ukiisubiri. Na bei, iandike bei, usiandike "siyo mbaya". Asiye na majibu hayo aache kumshauri kijana wa watu. Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la utani.