KAMBI YA JAFARI 🥊 (gumzo la kikundi)

Jumanne

[19:02] Da Rukia (Katibu): Assalaam alaykum familia. Ile ofa ya Jafari kupigana Ujerumani imekuja kwa maandishi. Raundi 8, uzito wa kruza, kikomo kilo 90.7. Mpinzani ameshinda 11, hajapoteza hata moja, anatanguliza mkono wa kulia maana ni mashoto. Euro 3,000, tiketi moja, hoteli siku tatu. Ni siku 18 kuanzia leo. Wanataka jibu kesho kabla ya saa sita mchana. Kila mtu aseme neno, msisome mkanyamaza.

[19:40] Da Rukia (Katibu): Naona watu kumi na nne wameshasoma.

[19:41] Chaki: Tiketi moja? Kocha atasafirishwa kama mzigo 😂😂

[19:58] Kocha Side: Utani huo lakini ndiyo hoja ya kwanza. Tiketi moja maana yake kona, wale wa kumhudumia kati ya raundi, anapewa watu wa kule kule. Mtu asiyemjua ndiye atakayemfunga bandeji, na ndiye atakayeshika taulo la kusimamisha pambano. Kona wa kupewa hana haraka ya kurusha taulo, kijana si wake.

[20:03] Kocha Side: Ya pili ni uzito. Jafari leo asubuhi kabla ya chai kilo 86. Mwenzake atapima 90.7 Ijumaa, atakunywa maji na kula usiku kucha, Jumamosi anapanda na 96 au 97. Wetu hana cha kukata, atapanda na 86 yake ileile. Hapo tunazungumzia kilo kumi.

[20:04] Salum: Kwani asirudi laiti hevi alikozoea?

[20:11] Nesi Tatu: Laiti hevi ni 79.4. Kutoka 86 ni kilo karibu 7 na hana mafuta ya kupunguza, kwa hiyo sehemu kubwa itakuwa maji. Mnakumbuka pambano la mwisho, alipanda mzani mara mbili, gramu 300 zimezidi, akapimwa uchi nyuma ya taulo, midomo imepasuka. Mwili ukikaushwa hivyo, maji hayarudi yote kwa siku moja. Damu inakuwa nzito, moyo unakwenda mbio, na kichwa kinakuwa rahisi kuumia kwa ngumi ambayo siku nyingine angeicheka. Mimi laiti hevi sikubali tena.

[20:12] Chaki: Basi aongezwe. Wiki mbili za ugali na maharage anafika 95

[20:15] Nesi Tatu: Atafika 95 za tumbo. Mwili wa mazoezi unaongezeka robo kilo mpaka nusu kilo kwa wiki, na hapo anakula vizuri na kulala. Kufika 90 ya kweli ni wiki nane mpaka kumi na mbili, na zaidi. Protini gramu 1.8 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama gramu 155 kwa siku.

[20:16] Chaki: Yai moja lina ngapi?

[20:16] Nesi Tatu: Kama 6.

[20:17] Chaki: Mayai 26!! Trei kwa siku. Mama Jafari fuga kuku haraka

[20:17] Salum: 🤣🤣🤣

[20:19] Mama Jafari: Kuku wenyewe mliwala wapiga kampeni wa Morogoro.

[20:20] Nesi Tatu: Si mayai peke yake jamani. Dagaa, maharage, maziwa ya mgando, samaki. Dagaa wakavu wana protini nyingi kuliko nyama kwa uzito uleule, na bei yake mnaijua.

[20:24] Da Rukia (Katibu): Tusitoke kwenye mada. Ndiyo au hapana?

[20:31] Salum: Mimi nasema aende. Bondia wetu Mwakinyo 2018 aliitwa kwa haraka Birmingham, watu wakamcheka, akamtoa Sam Eggington raundi ya 2 mbele ya watu wake. Jina lake lilibadilika usiku ule.

[20:44] Kocha Side: Mwakinyo alikwenda kwenye uzito wake, super welta, kilo 69.8. Hakumkuta mtu wa kilo kumi zaidi. Halafu taja na 2022, Liverpool, Liam Smith alivyomsimamisha raundi ya 4. Baada ya pale alieleza habari ya viatu kumsumbua. Ndiyo maana viatu, kinga ya meno na kinga ya kinena vinapanda ndani na mkoba wa mkononi, kamwe visiende na begi la chini.

[20:45] Salum: Na Usyk wa Ukraine? Mkanda wa dunia wa kruza pambano la 10 tu, Gdańsk 2016.

[20:52] Kocha Side: Usyk aliingia ngumi za kulipwa na dhahabu ya Olimpiki ya London 2012 shingoni, na miaka ya ridhaa nyuma yake. Alipomaliza kuikusanya mikanda yote minne Moscow, Julai 2018, akamtoa Mwingereza Bellew Novemba, akahamia hevi. Holyfield naye alipoikusanya yote mitatu ya wakati ule 1988 alihama palepale. Kruza ni kituo cha mabasi, mwenye nauli hashuki pale kukaa. Pesa iko juu.

[20:53] Kocha Side: Na wakati wa Holyfield kikomo cha kruza kilikuwa pauni 190, kilo 86.2. Jafari angekuwa kruza kamili. Kikapandishwa mpaka 200 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo hii 90.7. Watu wakubwa zaidi wakaingia.

[20:55] Chaki: Kwa hiyo Jafari kachelewa kuzaliwa

[20:55] Mama Jafari: Alichelewa kweli, wiki mbili.

[20:56] Salum: 🤣🤣

[21:10] Kocha Side: Nataka mumtazame Ilunga Makabu, maana huyo ndiye mfano wetu, si Usyk. Mkongo wa Kananga, mashoto. Pambano la kwanza la maisha yake, 2008, Afrika Kusini, alipigwa KO raundi ya 1. Hakukimbia kupanda ndege za watu. Kwa sehemu kubwa alibaki kulekule ambako kuna wazito wenzake wa kufanya nao sparingi, mapigano ya mazoezi, akashinda 19 mfululizo. 2015 akamwangusha Mchunu raundi ya 11. Mei 2016 ndiyo akaenda Liverpool, uwanja wa Goodison Park, kugombea mkanda wa dunia wa WBC uliokuwa wazi.

[21:13] Kocha Side: Akamwangusha Bellew raundi ya 1. Tazameni video ile. Baada ya pale akafuata bila kuandaa, kichwa kimenyooka, raundi ya 3 akalala yeye. Ikamchukua karibu miaka minne kurudi: mapambano madogo, kisha Yekaterinburg 2019 akamtoa Kudryashov raundi ya 5, kisha Januari 2020 Kinshasa akampiga Cieślak kwa pointi, mkanda wa WBC. Umri 32.

[21:14] Salum: Na akaupoteza

[21:16] Kocha Side: Aliutetea mara mbili, kwa Durodola Kinshasa na kwa Mchunu Marekani. Februari 2023 Badou Jack akamsimamisha raundi ya 12, Saudi Arabia. Novemba mwaka uleule Mikaelian akammaliza raundi ya 3, Miami. Kwa hiyo mlango ukishafunguka haukai wazi siku nyingi. Lakini angeupeleka mwili wake Ulaya kwa notisi ya wiki mbili akiwa na mapambano saba, leo tusingelijua jina lake. Angekuwa namba kwenye rekodi za wengine. BoxRec, ile tovuti ya rekodi za mabondia, imejaa majina ya kwetu ya namna hiyo.

[21:40] Da Rukia (Katibu): Kocha umeandika mengi, asante. Mimi nahesabu pesa. 3,000, kocha asilimia 10, meneja wake, kodi ya kule. Bado inabaki ya kumalizia deni la glavu na mzani.

[21:42] Mama Jafari: Deni la glavu lilikwisha lipwa Morogoro.

[21:43] Da Rukia (Katibu): Tusianze ya Morogoro.

[21:43] Mama Jafari: Sijaanza. Nimetaja.

[21:44] Chaki: *Ujumbe huu umefutwa*

[21:45] Da Rukia (Katibu): Chaki nimeuona.

Jumatano

[06:20] Anko Hemedi (Hamburg): Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku. Swali moja: viza? Viza ya Schengen kawaida ni siku 15 za kalenda tangu wapokee maombi, na kabla ya hapo kuna miadi. Ada euro 90. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Siku 18 hazitoshi, labda promota awe na mtu wa kuharakisha. Na mwenye kuharakisha hivyo anatafuta mtu wa kujaza nafasi, mpinzani wa kwanza amejitoa.

[06:48] Kocha Side: Ndivyo ilivyo. Na mashoto hatuna wa kufanyia mazoezi. Dhidi ya mashoto mguu wa kushoto wa kijana uwe nje ya mguu wa mbele wa mwenzake, mkono wa kulia upite katikati, halafu ngumi ya huku (hook) ya kushoto. Hiyo haifundishwi kwa padi pekee. Inataka raundi 30 au 40 na mtu halisi wa kilo 88 kwenda juu. Mtaani hapa mashoto tuliye naye ni kinyozi, kilo 64.

[06:50] Chaki: Kinyozi yuko tayari akipewa trei moja

[07:05] Nesi Tatu: Vipimo pia. HIV, homa ya ini B na C, macho, moyo, picha ya MRI ya kichwa. Majibu ya mwaka jana msiyategemee. Na barua ya ruhusa ya kamisheni ya ngumi za kulipwa Tanzania, TPBRC, bila hiyo asikanyage uwanja wa ndege.

[08:30] Da Rukia (Katibu): Saa sita inakaribia. Nimeandaa jibu la NDIYO nimeliweka pembeni. Asiyekubali aseme sasa. Babu shikamoo, nawe tunakungoja.

[09:55] Da Rukia (Katibu): ???

[10:31] Babu Kitwana: Marahaba. Nimesomewa yote na mjukuu. Mtoto haendi peke yake. Akienda anakwenda na kocha wake, au hana ruhusa yangu. Pili, Rukia. Hesabu ya Morogoro isomwe hapa hapa kabla hujachangisha shilingi nyingine. Nimemaliza.

[10:31] Mama Jafari: 🙏🏾

[11:12] Da Rukia (Katibu): Sawa Babu. Nimesikia.

[11:20] Kocha Side: Kwa heshima ya Babu, napendekeza tusiwakatalie moja kwa moja. Tuwaandikie: tiketi mbili, raundi 6 badala ya 8, tarehe isogee wiki nane. Wakishindwa tarehe, basi uzito wa makubaliano kilo 88, na wapimwe tena asubuhi ya pambano, asizidi 92. IBF, chama kingine cha mikanda ya dunia, wamewahi kuwa na utaratibu wa kupima tena asubuhi, si jambo la ajabu. Jamaa akilazimika kushuka 88 ndiye atakayekuja mkavu.

[11:21] Salum: Watakataa

[11:22] Kocha Side: Wakatae. Hatujapigwa.

[11:50] Da Rukia (Katibu): Nimetuma kama Kocha alivyosema. Ila nimeandika kilo 89, 88 niliona tunawabana.

[11:51] Kocha Side: Rukia!

[11:52] Da Rukia (Katibu): Ndiyo imeshakwenda.

[14:07] Jafari: Nimeona. Leo nimekimbia km 8

[14:08] Chaki: Bondia mwenyewe katokea 🥊🥊 mayai umekula?

[14:09] Jafari: Manne

[16:33] Da Rukia (Katibu): Wamejibu: tiketi mbili sawa, raundi 6 wanafikiria, tarehe haisogei, uzito watasema Ijumaa. Kwa hiyo vipimo tuanze navyo tu, vitafaa hata akipigana hapa nyumbani. Nesi, Jumatatu saa mbili asubuhi, hajala?

[16:40] Nesi Tatu: Ndiyo, asile tangu usiku, maji ruksa. Damu nitaisimamia. MRI nani analipa?

[17:15] Nesi Tatu: Jamani MRI?

[18:02] Anko Hemedi (Hamburg): Nusu ni yangu. Nusu isomwe kwanza ile hesabu aliyoitaja Babu.

[18:03] Mama Jafari: 👆🏾

[21:47] Da Rukia (Katibu): Daftari liko kazini. Nitaleta.