Lancaster: je, ni injini tu zilizoiokoa?

Swali

Habari zenu, ndugu. Ninafundisha historia, na kila tunapofika Vita Kuu ya Pili wanafunzi huniuliza juu ya ndege kubwa za mabomu za Waingereza. Nimesoma kwamba Lancaster ilitokana na ndege iliyoshindwa kazi, Manchester, na kwamba kilichobadilishwa ni injini tu. Je, ni kweli? Na kama ilikuwa bora kiasi hicho, mbona zaidi ya 3,000 kati ya 7,377 zilizoundwa zilipotea vitani?

Jibu la kwanza

Mwalimu, ni kweli kwa sehemu kubwa. Manchester ilifungwa injini mbili za Rolls-Royce Vulture, kila moja ikiwa na silinda 24 zilizopangwa kwa umbo la herufi X, na shida ilianzia hapo: zilipata joto kupita kiasi, vyuma vya pistoni vikakatika, na ndege iliyobeba shehena ikishapoteza injini moja kati ya mbili ilikuwa vigumu sana kuirudisha nyumbani. Kiwiliwili chenyewe kilikuwa kizuri. Roy Chadwick, mbunifu mkuu wa Avro, kampuni iliyounda ndege hizo, alirefusha mabawa na kufunga injini nne za Merlin, aina ile ile iliyoendesha ndege ndogo za kivita za Spitfire na Hurricane, na tarehe 9 Januari 1941 ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa ndege wa Ringway, Uingereza. Mwanzoni iliitwa Manchester III. Kikosi cha 44 cha jeshi la anga la Uingereza ndicho kilichoipokea kwanza, na Machi 1942 kikaanza nayo kazi ya kutega mabomu baharini.

Jibu la pili

Naongeza jambo moja: tumbo la ndege. Sehemu ya kubebea mabomu ilikuwa na urefu wa mita 10 hivi, wazi toka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana Lancaster iliweza kuchukua mizigo iliyozishinda ndege nyenzake. Mei 1943, Lancaster 19 zilizofanyiwa mabadiliko zilipeleka mabomu yaliyoruka juu ya maji hadi kwenye kuta za mabwawa ya Ujerumani. Möhne na Eder yakabomoka, ndege 8 hazikurudi, na mafuriko yakaua watu wapatao 1,300, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka nchi zilizotekwa. Novemba 1944 ziliizamisha manowari Tirpitz karibu na Tromsø kwa mabomu ya tani 5 na zaidi, na mwaka 1945 zikabeba lile la tani 10. Hata hivyo, naomba wanafunzi wasifundishwe habari za mabwawa peke yake, kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchoma miji usiku, Hamburg mwaka 1943 na Dresden mwaka 1945 ikiwemo, na raia waliokufa humo ni makumi ya maelfu.

Jibu la tatu

Kuhusu hasara, Mwalimu, ubora wa kubeba haukuwa ubora wa kujilinda. Lancaster nyingi hazikuwa na bunduki chini ya tumbo, na Wajerumani walipofunga katika ndege zao za usiku mizinga iliyoelekea juu, walijipenyeza chini yake gizani na kulenga matangi ya mafuta ya mabawani, mara nyingi bila wale watu 7 waliokuwa ndani kumwona adui.

Kutoka ndani ya ndege inayoungua lilikuwa jambo jingine. Mhimili wa mabawa ulikatiza njia katikati ya kiwiliwili, na mtu aliyevaa nguo nzito za baridi na mikanda ya mwavuli alilazimika kuuparamia. Waliokuwa mbele walitegemea mlango wa dharura wa sakafuni, wenye upana wa inchi 22, yaani sentimita 56 hivi. Freeman Dyson, aliyekuwa mtafiti kijana katika makao makuu ya kamandi ya ndege za mabomu, alikuta kwamba katika ndege za Halifax, aina nyingine ya ndege za mabomu za Waingereza, zilizoangushwa karibu robo ya wanajeshi walinusurika, ilhali katika Lancaster walikuwa asilimia 15 tu. Mlango wa Halifax ulikuwa mpana zaidi kwa inchi 2.