Imla ya Kiingereza darasa la nne: maneno mangapi?

chaki_nyeupe: Wadau, nina wanafunzi 60. Nikiwasomea maneno 20, wengi wanaandika wanavyosikia: "mek" badala ya make, "skul" badala ya school. Na madaftari 60 nasahihishaje?

mwl_imla: Ishirini ni mengi mno, mwalimu. Toa 8 ya mtindo mmoja: make, cake, name, gate. Kwenye Kiswahili kila irabu inatamkwa, kwa hiyo mtoto haoni kwa nini aandike e asiyoisikia. Andika made ubaoni, futa e, wasome kilichobaki: mad. Hapo ndipo wanaona kazi ya ile e. Wayanakili siku moja kabla, wafunike, waandike bila kuchungulia. Siku ya imla soma neno, sentensi, halafu neno tena.

kalamu_nyekundu: Sentensi usiiruke kabisa. Ukisoma rice peke yake, anayechanganya r na l ataandika lice, na utakuwa umepima masikio, si tahajia. Ship na sheep vivyo hivyo. Wednesday wakariri kwa kuitamka Kiswahili, "wed-nes-day", ila wakati wa imla itamke kawaida.

ubao_mweusi: Madaftari usibebe yote. Andika majibu ubaoni, kila mmoja ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, apige mstari chini ya herufi aliyokosea tu, si neno zima. Kisha alitungie sentensi. Kuandika neno mara 50 ni adhabu tu, mkono unaandika akili iko uwanjani. Wewe kagua 12 kwa siku, Ijumaa umemaliza wote. Yaliyowashinda wengi yarudishe imla ijayo.

chaki_nyeupe: Shukrani. Kesho naanza na 8.