Mrejesho: Ayutthaya kwa siku moja, peke yangu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama mimi, dada niliyekuja Bangkok kufunga mzigo wa nguo, naweza kwenda kuona magofu ya mahekalu ya Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Thailand, na kurudi siku hiyohiyo, bila kundi la watalii. Inawezekana, asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa treni ya daraja la tatu: baht 20, feni darini, madirisha wazi. Aliyesema nivuke mto kwa kivuko kisha nikodi baiskeli, Mungu akubariki. Kwenye hekalu la Wat Mahathat ndiko nilikokaa zaidi: safu za sanamu za Buddha zisizo na vichwa, katika mji ulioteketezwa na Waburma 1767, na kile kichwa kimoja kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Ukipiga nacho picha unachuchumaa, kichwa chako kisizidi chake.

Nilipofeli ni kwenye muda. Mliniambia niondoke alfajiri, mimi nikaondoka saa nne. Jua lilinikaanga, na Wat Chaiwatthanaram, ng'ambo ya mto upande wa magharibi, sikuifikia. Kofia mliyonisisitizia nimeinunua hukohuko, kwa bei ya mtalii.