Lenzi gani inafaa kwa picha za mtoto akicheza mpira?

Baba wa Winga (Mbagala)

Salaam wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 10 na anacheza winga wa kushoto katika timu ya watoto ya mtaani kwetu. Mechi zao huchezwa Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi na mara nyingine katikati ya wiki saa 11 jioni, kwa kawaida kwenye viwanja vya mchanga vya huku Temeke. Ninayo Canon EOS 2000D pamoja na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18 hadi 55. Picha nilizopiga kwenye harusi ya mdogo wangu zilitoka vizuri, lakini za mpira zinanitia aibu: mtoto anaonekana kama punje ya mchele katikati ya uwanja, na nikiikuza picha nakuta miguu yake imevurugika kabisa, ilhali majani ya mwembe ulio nyuma ya goli yanahesabika moja moja. Nilipokwenda Kariakoo kuuliza, muuzaji mmoja alinishauri niachane kabisa na kamera hii na ninunue mpya, ya aina isiyo na kioo cha ndani, ambayo bei yake inazidi kodi ya nyumba ninayolipa kwa mwaka. Nilichonacho ni shilingi 800,000. Je, tatizo ni kamera, ni lenzi, au ni mimi mwenyewe?

Mpigapicha wa Keko

Ndugu yangu, tatizo la kwanza ni lenzi, la pili ni wewe, na kamera inafuata kwa mbali.

Lenzi ya milimita 55 imetengenezwa kwa ajili ya sebuleni na ukumbini, kwa hiyo winga akiwa upande wa pili wa uwanja haiwezi kumfikia. Tafuta Canon EF-S ya milimita 55 hadi 250 yenye maandishi ya STM, ambayo ilitoka mwaka 2013 na ambayo ikiwa imetumika utaipata ndani ya bajeti yako na chenji ikabaki. Kwa kuwa kihisi cha mwanga cha kamera yako ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, unazidisha kwa 1.6, na milimita 250 zinakuletea mtoto karibu kama lenzi ya milimita 400 ingefanya kwenye kamera kubwa. Uzito wake ni gramu 375 tu, hivyo mkono hautakufa ganzi hadi kipindi cha pili. Ukionyeshwa ile ya milimita 75 hadi 300, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na kamera hizi kama nyongeza, ikatae kwa heshima. Namba yake ni kubwa zaidi, lakini haina kitulizaji cha mtikisiko, na ukiivuta hadi mwisho picha hupoteza makali.

Sasa upande wako. Nina hakika ulipiga ukiwa umeiacha kamera ijichagulie kila kitu. Geuza kitufe cha juu kwenye Tv, yaani wewe ndiye unayechagua kasi ya shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga picha inapopigwa), weka kasi ya 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, chagua fokasi ya AI Servo ili kamera iendelee kumfuata mtoto anapokimbia, kisha tumia nukta ya fokasi ya katikati peke yake. Kamera yako ina nukta 9, na ya katikati ndiyo yenye macho makali kuliko nyingine. Ukiziruhusu zote zifanye kazi, kamera itakimbilia chochote chenye mistari inayoonekana vizuri, na ndiyo maana umerudi nyumbani na picha nzuri ya mwembe. Usidhani kuwa kitulizaji cha mtikisiko kitakusaidia hapo, kwa sababu kazi yake ni kutuliza mkono wako. Miguu ya mtoto hutulizwa na kasi ya shata pekee.

Jioni ni habari nyingine. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua likishaanza kuzama halina subira, na lenzi hiyo ya milimita 55 hadi 250 ikivutwa hadi mwisho tundu lake ni f/5.6, ambalo hupitisha mwanga kidogo (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ikikaribia saa 12 utaiona ISO ikipanda hadi 6400 na picha zikijaa chengachenga. Wakubwa hutumia lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, ambayo huingiza mwanga mara 4 zaidi, lakini bei yake kwako ni ndoto kwa sasa. Njia ya mtu wa kawaida ni Canon EF ya milimita 85 yenye f/1.8: ni ya tangu mwaka 1992, haivuti karibu wala hairudishi mbali, lakini fokasi yake ni ya haraka na huingiza mwanga takriban mara 10 ya ule wa f/5.6. Watoto wa miaka 10 hawachezi uwanja mzima, kwa hiyo ukisimama karibu na kibendera cha kona itakutosha.

Mstaafu wa Upanga

Nakubaliana na ndugu wa Keko kuhusu lenzi, ila kamera ameisamehe mno. EOS 2000D hupiga picha 3 kwa sekunde, na kati ya picha ya kwanza na ya pili mpira huwa umeshaondoka mguuni. Mimi nilimpiga mjukuu wangu kwa kamera ya namna hiyo msimu mzima, na nilichokusanya ni picha nyingi za mtoto akiutazama mpira uliokwisha kwenda. Nilipopata Canon 7D Mark II iliyotumika, ya mwaka 2014, yenye nukta 65 na kasi ya picha 10 kwa sekunde, nilihisi kama nimevaa miwani mipya. Lenzi utakayonunua leo itaingia pia kwenye kamera hiyo, na hata ukihamia siku moja kwenye zile zisizo na kioo, kuna adapta ya kuiunganisha, kwa hiyo fedha yako haitapotea.

Jambo moja usilipuuze unaponunua kitu kilichotumika. Mimi niliuziwa lenzi iliyong'aa kwa nje kama sahani ya Idi, nikaifikisha nyumbani, na nilipoimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma nikaona nyuzi nyeupe zimetanda ndani kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu huilea vizuri sana. Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Kwa hiyo nenda na tochi, fungua tundu la lenzi lote, imulike ukiielekeza kwenye ukuta mweusi, na ukiona hata uzi mmoja ondoka. Ukishanunua, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mama wa Golikipa

Shikamoo mzee wa Upanga. Baba wa Winga, naongezea la mahali pa kusimama, kwa sababu hilo halina gharama. Asubuhi lipe jua mgongo, kisha kaa chini au piga goti, maana ukimpiga mtoto ukiwa umesimama wima unapata utosi na mchanga, uso huuoni. Winga wako wa kushoto atakuja upande mmoja kipindi cha kwanza na kuhama baada ya mapumziko, hama naye. Usipige kupitia wavu wa goli, kwani fokasi itaushika wavu. Hilo nililijua baada ya mechi 3 za mwanangu.

Kwenye viwanja kama Mwembe Yanga usibadilishe lenzi uwanjani hata kidogo. Upepo mmoja tu, na vumbi limeshaingia ndani ya kamera. Chagua lenzi ukiwa nyumbani na uvumilie nayo hadi filimbi ya mwisho. Vumbi likikaa kwenye kioo cha mbele cha lenzi lipulize kwa kipulizio cha mpira, usilifute kwa shati, kwa sababu mchanga hukwaruza. Na kwa kuwa ndani ya fremu kutakuwa na watoto wa wenzako pia, waombe wazazi ruhusa kabla ya kuweka picha mtandaoni. Mimi huwatumia kwenye kundi letu la wazazi tu.

Jirani wa Tandika

Kabla hujanunua chochote, kodi. Wapigapicha wengi wa harusi hapa mjini hukodisha lenzi kwa siku, nawe utajua ndani ya mechi moja kama inakufaa.

Baba wa Winga (Mbagala)

Ahsanteni sana wote. Nimefuata neno la jirani wa Tandika: nilikodi ile ya milimita 55 hadi 250 kwa Jumamosi moja, nikaweka 1/1000, nikapiga goti karibu na kona jua likiwa mgongoni. Nilipiga picha 214, nikafuta 190 usiku huohuo. Katika zilizobaki ipo moja ambayo mpira uko hewani usawa wa goti lake, vumbi limeruka nyuma ya kisigino, kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka, na ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama anavyofanya anapoandika hesabu. Mama yake ameshaichapisha.

Mzee wa Upanga, ni kweli kabisa: picha ya goli lenyewe nimeikosa, mpira ulikuwa umeshavuka mstari. Hata hivyo nitaanza na lenzi, na tochi ya simu nitakwenda nayo dukani. Alhamisi wanacheza saa 11 jioni, na mwenye kukodisha ameniambia anayo pia hiyo ya milimita 85, kwa hiyo nitaichukua nione ISO itaishia wapi.